Alama ya Korongo

Mwankoko, Singida
17 Novemba 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Paschal ananiambia siku hizi nikikupigia simu unaitikia "eeh, eeh" mpaka mwisho, halafu unamuuliza yeye nilisema nini. Basi tusichoshane. Nitakuwa nakuandikia na kumpa yeye barua gari lake likija mjini, na wewe utanijibu kwa njia hiyo hiyo.

Uliuliza ile mashine niliyonunua kwa yule mama aliyehamia Dodoma inafanya nini, maana Paschal amekuambia ni cherehani isiyo na uzi. Si cherehani. Inakata. Nachora ua au jina kwenye kompyuta, nalaza karatasi ngumu ya plastiki juu ya mkeka mdogo unaonata, mashine inauvuta ndani, na kisu chenye ncha kama ya sindano kinapita kwenye mistari niliyochora. Nikishatoa vipande vilivyokatwa, panabaki tundu lenye umbo la ua. Hiyo ndiyo stensili. Unaibana ukutani au kwenye kitambaa, unagonga rangi kwa sponji, unainua, ua limebaki. Unaiosha kwa maji na sabuni, unaianika ikiwa imelala, kesho unaitumia tena. Ndicho watu wanachokipenda: mimi nakata mara moja, wao wanapaka mpaka wachoke.

Shida ni vidaraja. Ukikata herufi O duara zima, tumbo lake linadondoka. Inabidi uache vipande vyembamba vya kulishikilia, na uviache mahali ambapo jicho halitakwazika. Mimi navipenda hivyo vidaraja kuliko kitu chochote.

Nakata za kuta za saluni, za mito, za vitambaa vya makochi, hata za keki. Na sasa nimepata mteja mkubwa, kijana anaitwa Derick. Kazi yake siwezi kukueleza, ameomba isionwe na watu mpaka aitoe mwenyewe. Ila sijawahi kukata kitu nikakipenda hivyo.

Mvua zimeanza huko? Hapa ni wingu tu.

Mwanao,
Ritha


Mtinko
15 Desemba 2024

Mwanangu Ritha,

Marahaba. Barua yako nimeisoma, halafu nikaisoma tena kwa sauti ili nijisikie mwenyewe. Sasa mashine yako nimeielewa. Paschal nimemwambia aache kueleza mambo asiyoyajua, akacheka.

Mvua imenyesha vizuri. Ardhi imelainika na watu wote wako mashambani. Habari kubwa ni kwamba kikundi chetu cha wakulima kilinichagua mimi, mwenyekiti wao, nikanunue mbegu ya alizeti kwa niaba ya wote. Tulikuwa tuchukue kwa Gervas dukani kama kila mwaka, lakini mzigo wake ulichelewa. Siku ya mnada wakaja vijana na gari la mbegu. Mbegu zenyewe zimepakwa ile rangi ya waridi ya dawa, na kila gunia lina alama ya korongo. Ni kampuni inayojulikana, wenzetu wa Ihanja walivuna vizuri sana mwaka jana kwa mbegu yake. Korongo amepakwa vizuri, anaangalia nyuma, taji lake limeinama upande.

Kristina alisita. Unamkumbuka mjane wetu jirani, anayelima mpaka kule bondeni. Akasema, "Mzee Antipasi, hawa hatuwajui. Tumsubiri Gervas." Nikamwambia, "Mama, alama hii naiamini." Nilipoiona moyo wangu ulitulia, sikuuliza zaidi. Basi wote wakachukua.

Wiki hii tunapanda. Uje Krismasi ule mlenda wa hapa, huo wa mjini hauna ladha.

Baba yako,
Antipasi


Mwankoko
18 Desemba 2024

Baba,

Shikamoo. Nakuomba msipande kwanza. Nimesikia watu wakisema sokoni kwamba mwaka huu kuna mbegu bandia zinazunguka. Sisemi kwamba zenu ni hizo. Ila chukua punje chache, zifunge kwenye kitambaa kibichi, uone kama zinaota. Zisipoota, warudishieni wale vijana mapema. Mwambie na Kristina.

Krismasi sitaweza kuja, nina kazi nyingi za maua ya makanisa. Nisamehe.

Ritha


Mtinko
12 Januari 2025

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako ilinikuta tumeshapanda. Gari la Paschal lilivunjika springi, likalala gereji mpaka baada ya Krismasi, na barua ikalala nalo. Usimlaumu, aliileta mwenyewe kwa miguu kutoka barabarani.

Mbegu hazikuota. Niseme kweli: ziliota moja hapa na nyingine kule, vishina vyembamba kama uzi, na hata hivyo vingi vimeshaanguka. Bwana shamba alikuja, akakwangua ile rangi kwa ukucha, akasema hizi ni alizeti za kukamulia mafuta, za zamani, zimepakwa rangi tu. Wale vijana hawajaonekana tena mnadani.

Ukipita sasa, kila shamba la kikundi liko wazi kama uwanja wa mpira. Wengine wamerudia kwa mbegu za akiba, lakini wengi hawakuwa na akiba. Kristina hakuwa nayo. Alikuja hapa nyumbani, hakukaa, akasema, "Mzee, nilikuambia tusubiri. Ulipewa nini na wale vijana?" Nilisimama tu na kikombe cha chai mkononi.

Nimejiuzulu uenyekiti kabla hawajaniambia. Kanisani nakaa nyuma, karibu na mlango, ili nitoke kabla ya watu kusalimiana. Mimi ndiye niliyesema naiamini. Hakuna mwingine aliyesema. Nikilala nawaona wanavyonitazama siku ile mnadani, wakisubiri nitamke.

Usihuzunike kwa ajili yangu. Nakueleza tu kwa sababu hakuna mwingine wa kumweleza.

Antipasi


Mwankoko
16 Januari 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nimelia.

Kupitia Paschal nimetuma mfuko wa mbegu za choroko. Nimenunua duka lenye kibali, nimejaribu mwenyewe kwenye kitambaa, zimeota zote. Zinatosha kikundi kizima. Choroko haichukui muda, wakipanda sasa watavuna kabla mvua haijakatika. Usiseme zimetoka kwangu. Sema umezipata kwa rafiki.

Wewe huna kosa, Baba. Mtu angejuaje? Tafadhali rudi kukaa mahali pako kanisani.

Ritha


Mtinko
2 Februari 2025

Ritha,

Mfuko wa choroko umefika. Upo ndani ya nyumba, sijaufungua.

Nimekuwa nikijiuliza. Umewatumia mbegu watu wote wa kikundi, na wengine hata majina yao huyajui. Nimekutazama tangu ukiwa mtoto, wewe ni mkarimu, ndiyo, lakini hukuwa mtu wa kuficha ukarimu wako. Ukimpa mtu hata muwa ulikuwa unataka aseme asante. Leo unataka nidanganye kwamba zimetoka kwa rafiki.

Na barua yako ile ya kabla ya Krismasi. Uliniandikia siku tatu tu baada ya yangu, wewe ambaye zamani ulikuwa unakaa mwezi bila hata kunipigia simu.

Sikulazimishi. Lakini choroko hii siwezi kuigawa mpaka nijue nagawa nini.

Baba yako


Mwankoko
5 Februari 2025

Baba,

Shikamoo. Nimeichana hii barua mara nyingi. Sasa naandika bila kusoma nilichoandika.

Yule korongo nilimkata mimi.

Derick alikuja na gunia tupu la ile kampuni, akalitandaza mezani. Akasema, "Dada, nikatie alama kama hii. Iwe kubwa, na plastiki iwe nene, tutaitumia sana." Nikamuuliza, "Kwani kampuni yenyewe haina magunia yaliyochapwa?" Akasema, "Sisi ni mawakala. Magunia yamechelewa, msimu hausubiri." Nikasema, "Mna kibali?" Akacheka, akasema, "Wewe kata, dada. Kibali ni kazi yangu." Halafu akaniomba nisimwonyeshe mtu.

Nikakata. Nataka ujue kwamba hakunidanganya kabisa. Kuna sehemu yangu ilielewa. Mtu mwenye biashara halali hamwambii fundi asionyeshe kazi yake. Nilielewa, nikaiweka pembeni kama mtu anavyosogeza kiti, kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kumchora yule ndege kichwani.

Korongo wa kwenye gunia alikuwa anatazama mbele, amesimama kama msumari. Taji lake lilikuwa na manyoya mengi membamba ambayo kwenye stensili yangekatika kwa siku moja. Mimi nikamgeuza shingo, nikaliinamisha taji ili vidaraja vipite humo humo. Alikaa vizuri. Derick alipomwona akapiga mluzi. Nilifurahi, Baba. Nilifurahi siku nzima. Tena nikamfundisha kuiosha vizuri ili isikunjamane. Nikamwambia, "Ukiitunza hii itakutumikia misimu mitano."

Uliponiandikia kwamba ndege anaangalia nyuma na taji limeinama, nilijua kabla sijamaliza sentensi.

Na hapa ndipo pabaya zaidi. Barua yako niliipata asubuhi. Kutoka hapa mpaka huko kwa bodaboda ningefika kabla ya saa saba. Nilitoka mpaka kijiweni. Kijana akawasha pikipiki, akaniuliza, "Wapi, mama?" Nikafikiria kusimama mbele yako na mbele ya Kristina na kusema. Nikamwambia nimesahau kitu ndani. Nikarudi, nikakuandikia kwamba nimesikia maneno sokoni. Sikuwa nimesikia neno lolote sokoni. Nikaipa barua gari, nikajiambia nimeshafanya. Mlikuwa bado hamjapanda zote. Ningewahi.

Derick nilimfuata mwezi uliopita. Nilimkuta kwenye stoo yao nyuma ya mashine ya kukamulia mafuta. Akaniambia, "Dada, mimi nilipaka, wewe ulikata. Ukiongea tunaenda wote." Nikaondoka.

Wewe umekaa karibu na mlango kwa ajili yangu, na mimi nilikuandikia kwamba huna kosa kana kwamba nakufanyia hisani. Sikuombi unisamehe. Nimekuandikia ili usiendelee kuubeba peke yako.

Ritha


Mtinko
9 Februari 2025

Mwanangu Ritha,

Marahaba.

Nilijua.

Si baada ya barua yako. Nilijua siku ile ya mnada. Ulipokuwa mdogo ulichora korongo kwa mkaa kwenye ukuta wa jikoni, ukuta mzima, mpaka marehemu mama yako akakuchapa. Kila mmoja alikuwa ameangalia nyuma, na taji limelala upande kama limepigwa na upepo. Mama yako alikuuliza wanaangalia nini, ukamwambia wanaangalia kama wenzao wanakuja. Nilipoona lile gunia, nililisogelea nikapitisha kidole kwenye lile taji. Nikajisemea, kumbe ndiyo kazi aliyonificha, kampuni kubwa imempa mwanangu kazi! Nilitaka kuwaambia watu wote. Nikanyamaza kwa sababu ulisema ni siri, nikaona nisikuharibie.

Kwa hiyo Kristina aliposema tusubiri, sikupima mbegu. Sikuzifunga kwenye kitambaa, na ni mimi niliyewafundisha watu hapa kufanya hivyo. Sikuwauliza wale vijana karatasi yoyote. Nilisema "alama hii naiamini," na watu wakadhani nasema kampuni. Nilikuwa nasema wewe.

Baadaye mashamba yalipokuwa wazi, niliogopa kukuuliza. Nilisema labda na wewe umedanganywa, labda hujui, nikikuuliza nitakuumiza bure. Nilipoipata barua yako ya kabla ya Krismasi nikaelewa kwamba unajua. Tangu hapo nilikuwa nakusubiri. Zile barua zangu za huzuni, mwanangu, nyingine niliziandika ili zikuchome. Hilo nalo ni langu.

Sasa nisikilize. Umeshasema kwangu, inatosha. Usije huku. Watu wana hasira, na mimi nimeshazoea kukaa mlangoni. Mzee hapotezi kitu kikubwa. Wewe una kazi yako na maisha mbele. Choroko nitaigawa, nitasema imetoka kwa rafiki. Tuliache hapo.

Baba yako,
Antipasi


Mwankoko
13 Februari 2025

Baba,

Shikamoo. Hapana. Nisamehe kukukatalia, sijazoea.

Juzi nilienda polisi. Nilibeba kompyuta yenye mchoro wa korongo na ile plastiki niliyoharibu nikijaribu mara ya kwanza. Askari aliniuliza kama najua kwamba najitaja mwenyewe. Nikamwambia najua. Waliandika maelezo yangu kwa muda mrefu, halafu wakaenda stoo na watu wa kilimo. Stensili waliikuta imening'inizwa msumarini, imeoshwa, safi. Kando yake kulikuwa na magunia mengine yamepangwa, tayari kwenda wilaya nyingine. Derick anahojiwa. Mimi nimeambiwa nisitoke mkoani, na kama nitakuwa shahidi tu au mshitakiwa pia, hilo bado. Mashine wameichukua.

Jumapili nitakuja. Waombe wanakikundi wabaki baada ya misa. Usiseme ni kwa ajili ya nini, nitasema mwenyewe. Na wewe usikae mlangoni siku hiyo. Kaa mahali ambapo nitakuona.

Ritha


Mtinko
20 Februari 2025

Ritha,

Salamu. Ni mimi Kristina. Baba yako hajui kama nakuandikia. Paschal atakupa hii mkononi.

Jumapili uliondoka haraka kabla watu hawajamaliza kuongea, kwa hiyo kuna mambo hukuyasikia. Uliposema wewe ndiye uliyekata ile alama, mimi ndiye niliyepiga kelele kwanza. Nilikuambia sitaki kuona uso wako hapa. Sirudishi hilo neno, nilikuwa namaanisha. Mwaka huu wanangu watakula cha kuomba. Ulipoongeza kwamba ulijua kabla hatujapanda, ukafika mpaka kijiweni na ukarudi ndani, nilitaka kukurushia kiatu. Shamba langu la bondeni nilipanda siku mbili baada ya siku hiyo. Nimezihesabu sana hizo siku.

Wewe ulipotoka, baba yako alisimama. Unajua siku hizi hasikii, kwa hiyo anaongea kwa nguvu kama anaita mtu ng'ambo ya bonde. Akasema, "Alama niliitambua ni ya mwanangu. Ndiyo sababu sikupima. Nilijivuna, nikawalipisha ninyi." Akasema pia kwamba alikuandikia usije, na wewe ukakataa. Halafu akakaa chini na kofia yake mikononi. Gervas, ambaye tulimwacha na mbegu zake nzuri zikafika tumeshapanda za korongo, ndiye aliyeinuka akamsogezea baba yako maji.

Watu wameamua. Uenyekiti hawamrudishii, na yeye hautaki. Choroko tumeigawa, na tumeambiwa imetoka wapi. Wengine wamekataa kuichukua, ni haki yao. Mimi nimechukua. Siwezi kuwanyima wanangu chakula kwa sababu nina hasira na wewe.

Lakini choroko inatosha upande wa juu tu. Bondeni nataka kuweka viazi vitamu wakati udongo bado una maji. Marando ya kupanda nimepewa na jirani, yamelala kivulini na hayatangoja sana. Matuta sijainua hata moja. Mgongo wangu tangu mwaka jana hauko sawa, na wanangu wako shule.

Nimesikia mashine yako imechukuliwa. Basi mikono yako haina kazi.

Njoo Jumamosi. Usije na zawadi, usije na unga, usije na mkate. Njoo na jembe. Usipitie kwa baba yako kwanza, atakuja nyuma yako na kutaka kusaidia, na huo si mgongo wa kuinua matuta. Njoo moja kwa moja shambani mapema, jua halijawa kali.

Sitaongea na wewe sana. Sijafika huko. Mimi nitaanzia upande wa njia, wewe anzia kule chini kwenye udongo mzito.

Kristina